Duka Limeunganishwa, Oda Iko Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Otomatiki ya Duka la Mtandaoni

Mwenye duka la mtandaoni aliyechoka kunakili majina na anwani za wateja kutoka ukurasa wa oda kwenda kwenye jedwali la stoo hufika mahali akaamua kwamba kazi hiyo sasa ifanywe na mashine. Huchagua zana ya otomatiki kama Zapier, Make au n8n, huiunganisha na duka lake lililojengwa kwa Shopify au WooCommerce, huona alama ya kijani, kisha huenda kulala. Nimeunganisha mifumo ya namna hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba programu zenyewe mara nyingi ni nzima. Kinachosumbua ni mambo ambayo mwenye duka aliyaamini kabla ya kwenda kulala.

"Alama ya kijani ina maana kwamba oda zinapita"

Alama hiyo inathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba ufunguo uliotolewa na duka, yaani msimbo wa siri ambao zana huutumia kuingia dukani, umekubaliwa. WooCommerce hutoa funguo mbili, moja ikianza na ck_ na nyingine na cs_, huzionyesha mara moja tu wakati wa kuziunda, na humtaka mwenye duka achague ruhusa: kusoma, kuandika, au vyote viwili. Ufunguo wa kusoma pekee hupita jaribio la muunganisho bila tatizo lolote, na kasoro yake haionekani mpaka siku ambayo zana itajaribu kupunguza idadi ya bidhaa dukani, ikakataliwa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo mlangoni. Katika n8n, kila webhuki, yaani anwani inayopokea taarifa zinazosukumwa na duka, huja na sura mbili: ya majaribio, ambayo ndani yake mna neno webhook-test, na ya kazi halisi. Ile ya majaribio husikiliza kwa sekunde 120 tu baada ya kubonyezwa kitufe chake, na muda ukiisha, kila anayebisha hujibiwa kwamba anwani haipo. Mtu akiisahau hiyo katika mipangilio ya duka, oda zake zitagonga mlango uliofungwa. Na kwa kuwa WooCommerce huizima yenyewe webhuki iliyoshindwa mfululizo zaidi ya mara 5, hata atakapoamka na kurekebisha upande wa n8n hakuna kitakachofika mpaka arudi dukani na kuiwasha upya kwa mkono wake. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja, na kupoteza kabisa njia ya kujua kilichoharibika mwanzo.

Nyongeza ndogo: unapohifadhi webhuki mpya katika WooCommerce, duka hutuma taarifa ya kwanza ya kupima njia, ambayo ndani yake mna namba ya webhuki tu. Wengi huiona wakadhani kwamba duka limegoma kutoa maelezo ya oda. Halijagoma, oda yenyewe bado haijawekwa.

"Oda mpya ni oda iliyolipiwa"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hugharimu mzigo. Kwa mfumo wa duka, oda huzaliwa pale mteja anapoithibitisha, na malipo ni tukio jingine linaloweza kuja sekunde mbili baadaye, kesho yake, au lisije kamwe. Shopify hutenganisha matukio haya waziwazi, hivyo unaweza kusikiliza orders/create (oda imeundwa) au orders/paid (oda imelipiwa) kulingana na kazi unayotaka. WooCommerce, kwa upande wake, katika orodha yake ya kawaida ina kuundwa kwa oda, kubadilishwa, kufutwa na kurejeshwa. Tukio la malipo peke yake halimo. Inakubidi usikilize mabadiliko, kisha uchuje zile oda ambazo hali yake imekuwa processing, yaani malipo yamepokelewa na mzigo unasubiri kuandaliwa.

Ujanja wa dhana hii ni kwamba majaribio huelekea kuitetea. WooCommerce hujaza maelezo ya oda wakati wa kutuma taarifa, si wakati oda inapoundwa, na kati ya nyakati hizo mbili hupita muda kidogo. Ukijaribu kwa kadi inayokubaliwa papo hapo, taarifa ya "oda imeundwa" itakufikia ikiwa tayari imeandikwa processing, nawe utahitimisha kwamba kila oda iliyoundwa ni oda iliyolipiwa. Halafu anakuja mteja anayelipa kwa hawala ya benki, oda yake inaingia na hali ya on-hold, yaani inasubiri malipo yathibitishwe, na stoo, ambayo haisomi hali bali inasoma jina na anwani tu, inafunga mzigo na kuutuma.

"Taarifa hufika papo hapo, mara moja tu, na kwa mpangilio"

Sentensi hii ina ahadi tatu, na hakuna hata moja inayotolewa na mifumo yenyewe.

Tuanze na kufika papo hapo. Zana hupata habari za oda kwa njia mbili: ama duka linasukuma taarifa, ama zana yenyewe inapita kuuliza kila baada ya muda. Katika mpango wa bure wa Zapier, kupita huko hufanyika kila dakika 15, jambo ambalo halina ubaya kwa ripoti ya jioni lakini ni zito kwa mteja anayesubiri ujumbe wa uthibitisho huku simu iko mkononi. Aidha, zana inayopita kuuliza hukumbuka namba za oda ilizokwisha kuziona, ili isizishughulikie tena. Kwa hiyo oda iliyoonekana kabla ya kulipiwa haitaonekana "mpya" baada ya kulipiwa. Hata kusukuma si lazima kuwe kwa papo hapo. WooCommerce kwa kawaida huiweka taarifa katika foleni ya kazi za nyuma, na foleni hiyo huamshwa na ratiba ya WordPress, mfumo wa tovuti ambao WooCommerce imejengwa juu yake, na ratiba hiyo yenyewe husubiri mtu atembelee tovuti. Duka lenye wageni wachache usiku wa manane linaweza kuikalia taarifa mpaka mgeni mwingine apite.

Ahadi ya pili, ya kufika mara moja tu, inahitaji tuitazame kwa karibu. Chukua oda namba 1047 katika duka la Shopify. Shopify huipa zana sekunde 5 kujibu kwamba imepokea. Zana yako imewekwa ijibu baada ya kumaliza kazi zote: inaandika mstari katika jedwali la stoo, inaomba ankara kutoka mfumo wa uhasibu, na inatuma barua pepe kwa mteja. Siku ambayo mfumo wa uhasibu ni mzito, jibu linatoka katika sekunde ya 7. Kwa Shopify, jibu hilo halikuja kabisa. Inahesabu kwamba imeshindwa na kutuma tena taarifa ile ile ya 1047. Sasa stoo ina mistari miwili, mteja ana barua mbili, na mhasibu ana ankara mbili zenye namba tofauti kwa mauzo mamoja. Hakuna aliyekosea kati ya mifumo hiyo, kila mmoja umefanya ulichoagizwa.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, zana ijibu mara tu inapopokea, kisha kazi ziendelee nyuma ya pazia. N8n hufanya hivyo isipobadilishwa, na mara nyingi wanaoibadilisha hawakumbuki kwa nini waliibadilisha. Pili, kabla ya kutenda chochote, mtiririko wa kazi uangalie kama namba ya oda hiyo imo katika orodha ya zilizokwisha kushughulikiwa. Orodha hiyo ni bora ikae katika hifadhidata inayokataa namba kujirudia kuliko katika jedwali la kawaida, kwani nakala mbili zikiingia kwa wakati mmoja zote zinaweza kutazama jedwali, zote zikaliona tupu, na zote zikaandika.

Kuhusu mpangilio, itoshe kusema kwamba taarifa ya "oda imebadilishwa" inaweza kutangulia ile ya "oda imeundwa". Soma wakati ulioandikwa ndani ya taarifa yenyewe, usitegemee zamu ya kufika.

"Anwani ya webhuki ni ndefu mno, nani ataijua?"

Ataijua yeyote aliyeiona katika picha ya skrini uliyotuma kuomba msaada. Aliye nayo anaweza kutuma oda ya uongo yenye hali ya processing, na stoo ikafunga mzigo wa bure. Ndiyo maana duka hutia saini kila taarifa kwa njia ya HMAC-SHA256, yaani hesabu inayochanganya maandishi ya taarifa na siri inayojulikana na pande mbili tu: Shopify huiweka saini hiyo katika kichwa cha taarifa kiitwacho X-Shopify-Hmac-Sha256, na WooCommerce katika X-WC-Webhook-Signature. Kazi ya zana ni kuikokotoa saini hiyo upya na kulinganisha. Ikokotolewe kutoka maandishi ghafi yaliyopokelewa, kabla zana haijayapanga upya, kwani hata nafasi moja iliyoongezwa itaifanya saini halali ionekane ya kughushi.

"Data ni data, ikitoka huku itaingia kule"

Namba ya simu inayoanza na sifuri ikiingia katika jedwali huchukuliwa kuwa hesabu, na sifuri yake huliwa. Msafirishaji anapiga namba isiyokuwepo. Kuhusu fedha, Shopify huandika 19.99 kama maandishi, ilhali Stripe, mfumo wa kupokea malipo mtandaoni, husubiri 1999, yaani kiasi kwa sarafu ndogo kabisa, na kwa yeni ya Japani, isiyo na senti, kiasi huandikwa kama kilivyo. Anayezidisha kila kitu kwa 100 atamtoza mteja wa Japani mara mia.

"Ikikwama, nitajua"

Utajua kwa mteja. Mtiririko uliosimamishwa na kichujio hauhesabiwi kuwa na hitilafu, na taarifa ambayo haikufika haiachi alama yoyote upande wa zana. Kwa hiyo, pamoja na webhuki, weka kazi ya pili inayoliuliza duka kila usiku oda zote zilizobadilika tangu jana, na kuzilinganisha na zilizomo katika orodha ya zilizoshughulikiwa. Wiki ya kwanza kazi hiyo huenda ikakuletea oda "zilizopotea" ambazo hazikupotea. Kabla hujahangaika, tazama saa zake: WooCommerce huandika date_created kwa saa za duka na date_created_gmt kwa saa za Greenwich, hivyo katika duka lililotangulia Greenwich kwa saa 3, oda iliyowekwa saa 6:40 usiku husomeka 00:40 katika sehemu moja, na 21:40 ya siku iliyotangulia katika nyingine.