Ruzuku ya kunasa hewa ukaa: dhana zinazosikika Arusha na Moshi, na ukweli wake

Neno kaboni limezoeleka mkoani Arusha, hasa tangu miradi ya kaboni ya udongo ilipoingia kwenye nyanda za malisho za Longido na Monduli na wanavijiji wakaanza kujadili mikataba yake. Mazoea hayo yameleta mkanganyiko, ambao hujitokeza kila linapoulizwa swali la iwapo serikali zitoe ruzuku kwa teknolojia ya kunasa hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayoongeza joto duniani.

Dhana: Kunasa hewa ukaa ni biashara ileile ya kaboni.

Sivyo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda hulipwa kwa kuulinda msitu ambao tayari upo, na wafugaji wa Longido huahidiwa malipo kwa namna wanavyopanga malisho ili udongo uhifadhi kaboni zaidi. Teknolojia inayozungumziwa hapa ni ya kiwandani: moshi hupitishwa kwenye kemikali inayoshika hewa ukaa, kisha gesi hiyo hutenganishwa, hushindiliwa na kusukumwa kwenye miamba yenye vinyweleo, kwa kawaida katika kina cha zaidi ya mita 800. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, pamoja na kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, zinahusu biashara hiyo ya kaboni, wala hazimlipi mtu kwa kujenga mtambo.

Dhana: Ni ndoto ya maabara ambayo haijawahi kufanya kazi.

Katika eneo la visima vya gesi la Sleipner, kwenye Bahari ya Kaskazini, Norway imekuwa ikizika hewa ukaa tangu mwaka 1996, na kwa miaka mingi kiasi chake kilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kilichoanzisha kazi hiyo hakikuwa ruzuku. Mwaka 1991 serikali ya Norway iliweka kodi ya hewa ukaa, na kampuni ikapiga hesabu ikaona kwamba kuizika gesi kuna nafuu kuliko kuiachia hewani na kulipa. Wanaodai kwamba bila fedha za umma hakuna kinachowezekana wangefaa kuanzia hapo.

Dhana: Kwa kuwa inafanya kazi, makaa ya mawe na mafuta yaendelee bila wasiwasi.

Mitambo yote ya kunasa iliyopo duniani ina uwezo wa takriban tani milioni 50 kwa mwaka, ilhali nishati peke yake huzalisha takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa. Kunasa kwenyewe hula nishati, hivyo kituo cha umeme hulazimika kuchoma zaidi ili kiuze kiasi kilekile. Marekani ilijifunza kwa gharama: mradi wa kituo cha umeme cha Kemper, Mississippi, uliotumia zaidi ya dola bilioni 7, uliachana na makaa ya mawe na mpango wake wa kunasa mwaka 2017, na mtambo wa Petra Nova, Texas, uliosaidiwa na fedha za serikali, ulisimama mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoanguka. Ulitegemea bei hiyo kwa sababu hewa ukaa yake ilipelekwa kwenye visima ili kusukuma mafuta zaidi yatoke.

Dhana: Ruzuku ni ruzuku, ama uikubali yote au uikatae yote.

Mkulima wa Moshi aliyepanga foleni ya mbolea ya ruzuku anajua kwamba jambo la kuuliza ni nani anapata, kwa kigezo gani, na nani anahakiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilipandisha nafuu ya kodi hadi dola 85 kwa tani inayonaswa kiwandani na kuzikwa ardhini, na dola 180 kwa tani inayonaswa moja kwa moja kutoka hewani. Tofauti hiyo ina sababu. Katika hewa tunayovuta, hewa ukaa ni takriban asilimia 0.04 tu, lakini katika moshi wa kiwanda cha saruji hukaribia sehemu moja ya tano, na kukichuja kitu kilicho kingi ni kazi nyepesi zaidi.

Saruji ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mawe ya chokaa yaliyo safi yakichomwa kikamilifu, kila kilo 100 hutoa kilo 44 za hewa ukaa, na hizo hutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa maji. Umeme wa makaa una mbadala. Jiwe la chokaa halina mbadala rahisi. Kwa hiyo naona fedha za umma zina hoja kwenye saruji, zikilipwa kwa tani iliyohakikiwa kuzikwa, na zina hoja dhaifu sana kwenye umeme. Norway nayo imeelekeza fedha kwenye saruji: imegharamia sehemu kubwa ya mtambo wa kiwanda cha saruji cha Brevik, uliofunguliwa mwaka 2025 ili kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Mmiliki wake, Heidelberg Materials, ndiye pia mwenye hisa nyingi katika kiwanda cha Twiga cha Dar es Salaam.

Dhana: Gesi iliyozikwa itafumuka kama ile ya Ziwa Nyos.

Maafa ya ziwa hilo la Kameruni ya mwaka 1986, ambapo hewa ukaa ilifumuka ghafla na kuua watu wengi, yalitokana na gesi iliyojikusanya ndani ya maji ya ziwa. Gesi iliyo chini ya mwamba mzito usiopenyeka ni suala jingine, ingawa visima vya zamani visivyozibwa vizuri hubaki hatari halisi.

Dhana: Tanzania nayo ianze kutoa ruzuku hiyo.

Kwa sasa sioni sababu. Zipo hatua za bei nafuu zaidi, na mojawapo iko mkoani Kilimanjaro kwenyewe: pozolana, yaani malighafi ya volkano inayochimbwa Holili, wilayani Rombo, huchanganywa kwenye saruji badala ya sehemu ya klinka, yaani kiungo kikuu cha saruji kinachotokana na kuchoma mawe ya chokaa. Kila tani ya klinka iliyopunguzwa kwa njia hiyo ni hewa ukaa ambayo haikuzalishwa tangu mwanzo, na viwanda hufanya hivyo kwa faida yao wenyewe, bila kusubiri shilingi ya Hazina.