Diski za breki: lini za kubadilisha, lini za kuacha

Dhana: Usukani ukitetemeka unaposhika breki, diski zimepinda, nunua mpya.

Hii ndiyo inayowamaliza watu hela kuliko zote. Dereva anaeleza kuwa usukani unacheza kila akikanyaga breki, na fundi, tairi hata haijafunguliwa, anajibu: "Diski zimepinda hizo." Mara nyingi chuma hakijapinda. Unene wa diski ndio umeacha kulingana: sehemu moja imelika kuliko nyingine, au mabaki ya pedi (kile kipande kinachoibana diski ukishika breki) yameganda mahali pamoja. Tofauti ya mm 0.02 tu inaweza kusikika mguuni.

Chanzo kiangalie nyuma ya diski. Kutu au mchanga ukibaki kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski inakaa, wakati wa kufunga, diski inakaa upande kidogo, na kila inapozunguka inagusa pedi pale pale. Siku ya kwanza husikii kitu. Baada ya kilomita elfu kadhaa pale pameliwa, na mtetemo unaanza. Ukifunga diski mpya juu ya kutu ile ile, tatizo litarudi, na lawama itaangukia muuza spea. Kwa hiyo habu ipigwe brashi ya waya hadi chuma kionekane safi, ndipo diski ikae.

Nati za tairi nazo zina mchango wake. Kukaza kwa mashine ya upepo hadi inagoma, nati moja baada ya jirani yake, kunaivuta diski bila usawa. Zikazwe kwa kupishana, na mwisho kwa spana inayopima mkazo. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 (newton-mita, kipimo cha mkazo).

Dhana: Diski hubadilishwa zikifikisha kilomita fulani.

Hakuna kilomita hizo. Gari la foleni za Dar es Salaam na gari la safari ndefu za tambarare hayali diski sawa, hata yakiwa ya mwaka mmoja. Kinachoamua ni unene, na kikomo chake kwa kawaida kimeandikwa kwenye diski yenyewe, ubavuni au kwenye kofia yake ya katikati. Tafuta maandishi "MIN TH", yaani unene wa chini kabisa, yakifuatiwa na namba ya milimita. Diski iliyoanza na mm 25, kwa mfano, mara nyingi kikomo chake ni mm 23. Yaani uhai wake wote ni milimita mbili, moja kila upande, na hakuna jicho la kuona hilo.

Namna ya kupima ni muhimu sawa na kupima kwenyewe. Pedi haifiki hadi ukingoni kabisa, kwa hiyo diski iliyotumika huacha mdomo ulioinuka pembeni. Ukibana vernia ya kawaida (kipimo cha meno mawili), meno yake yanakaa juu ya mdomo huo na kukusomea unene ambao haupo. Tumia maikromita (kipimo cha skrubu chenye ncha ndogo), ingia kiasi cha mm 10 kutoka ukingoni, pima sehemu sita hadi nane kuzunguka, na ushike namba ndogo kuliko zote.

Dhana: Ikikerezwa inakuwa kama mpya.

Kukereza ni kuchonga uso wa diski kwa mashine. Inakuwa laini, lakini imepungua. Tuseme diski yetu ya kikomo cha mm 23 imebaki na 23.4. Fundi akitoa mm 0.3 kila upande, inabaki 22.8: imeng'aa, na imeshapita kikomo. Kukereza kunafaa tu pale ambapo unene utabaki na akiba. Diski nyembamba haina chuma cha kutosha kumeza joto. Teremka mlima Kitonga na gari lililojaa, ukiegemea breki badala ya gia ndogo, ndipo utajua maana yake: pedali inabonyea na gari halipungui mwendo. Tena pistoni ya kalipa (ile inayosukuma pedi zibane diski) inalazimika kutoka nje zaidi ya ilivyokusudiwa. Hapa mimi sina mjadala, diski iliyofika kikomo itoke.

Dhana: Ikiwa na kutu, imekufa.

Kutu ya rangi ya chungwa baada ya mvua au kuoshwa huisha kwa kushika breki mara chache. Ya kuogopa ni ile inayobanduka magamba au iliyokula matundu ya hewa katikati ya diski. Magari ya pwani yaangaliwe hapo zaidi.

Dhana: Inapiga kelele, basi ni diski.

Anza na pedi. Nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kilie pedi ikikaribia kwisha. Ukiipuuza hadi chuma kisage chuma, hapo ndipo diski nayo itaharibika.

Dhana: Unene ukiwa mzuri, diski ni nzima.

Ufa unaofika ukingoni unamaliza mjadala, hata kama maikromita inasoma vizuri. Madoa ya bluu yanaonyesha iliungua. Chuma cha pale huwa kimekuwa kigumu hadi ndani, na kukereza juu juu hakukiondoi.

Dhana: Badilisha ile iliyoharibika tu.

Badilisha mbili za ekseli moja pamoja, na pedi mpya. Futa mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani kwa dawa ya kusafishia breki, na usitumie dizeli, maana inaacha utelezi. Kilomita mia chache za mwanzo shika breki kwa upole, ili pedi na diski zizoeane.