Je, wajua kwa nini gitaa la Joni Mitchell ni gumu kuigwa?

Wapo wapiga gitaa hodari waliojaribu kuziiga nyimbo za Joni Mitchell kwa kusikiliza tu, wakakwama. Kinachowatatiza kilianza utotoni mwake.

Mwimbaji huyu wa Kanada alizaliwa 1943 huko Alberta. Alipokuwa na miaka 9 alishikwa na polio. Alipona, akatembea tena, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki dhaifu. Sasa, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, vidole vitatu au vinne vikitanuka kwa pamoja ili kutoa kile wanamuziki wetu wanachokiita kodi, yaani sauti kadhaa zinazopatana zikilia kwa pamoja.

Kwa kawaida nyuzi sita za gitaa hukazwa hivi: mi, la, re, sol, si, mi. Ukizipapasa bila kubana, kodi kamili haitoki. Lakini ukilegeza mbili tatu, zinapatana zenyewe, na kidole kimoja kikilazwa juu ya zote kinatoa kodi nyingine nzima. Wapiga muziki wa blues weusi wa kusini mwa Marekani waliijua mbinu hii miaka mingi kabla yake. Joni alionyeshwa na mwimbaji mwenzake Eric Andersen, akaiendeleza hadi kufikia mikazo, yaani namna za kukaza nyuzi, kama 50 tofauti.

Nami nadhani hapo udhaifu wa mkono hautoshi tena kuwa jibu. Kupunguza kazi ya vidole, mkazo mmoja au miwili ungetosha. Ila kila anapokaza nyuzi upya, vidole vinapoteza mazoea na sikio ndilo linaloongoza, hivyo anakutana na sauti ambazo asingezitafuta. Mwenyewe alizieleza kodi zake kuwa ndani yake mna alama ya kuuliza. Sikiliza albamu ya Blue ya 1971 utazisikia: zinaning'inia, hazitui haraka, na maneno yake ya mapenzi na majuto yanapata pa kukaa.

Gharama yake ilikuwa jukwaani. Kati ya wimbo na wimbo ilibidi akaze na kulegeza nyuzi huku watu wakisubiri, na miaka ya 1990 uchovu huo nusura umfanye aache muziki. Kilichomwokoa ni kifaa cha kielektroniki cha kampuni ya Roland kilichohifadhi mikazo yake yote, akabadilisha kwa kubonyeza tu.

Mwaka 2015 mshipa ulipasuka kichwani mwake. Ilibidi ajifunze upya kutembea, na gitaa pia. Akawa anatazama video zake za zamani ili aone vidole vyake alikuwa akiviweka wapi. Julai 2022, akiwa na miaka 78, alisimama jukwaani kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani, na gitaa la umeme, akapiga wimbo mzima bila kuimba neno.