Je, wajua? Mapovu ya Prosecco hayapulizwi kama ya soda

Kwenye harusi zetu kuna dakika moja ambayo simu zote ukumbini zinanyanyuliwa: mshereheshaji anahesabu moja, mbili, tatu, kizibo kinarukia mapambo ya dari, na povu linammwagikia aliyeshika chupa. Tunasema shampeni imefunguliwa, ingawa mara nyingi ndani ya chupa ile hamna shampeni. Pengine ni juisi ya zabibu iliyotiwa gesi kiwandani. Pengine ni Prosecco, mvinyo mweupe kutoka kaskazini-mashariki mwa Italia. Kwa macho, povu ni lile lile. Lilivyoingia chupani ni habari nyingine, na habari ya Prosecco imekaribiana mno na ya mnazi.

Aliyekulia Pwani anajua kwamba tembo lililogemwa asubuhi ni tamu, na jioni limeshakuwa kali. Ukilitia kwenye chupa ya plastiki ukakaza kifuniko, baada ya saa chache chupa imevimba tumbo, na ole wako uifungue kwa pupa. Hakuna aliyepuliza kitu humo. Chachu imekula sukari, na kila inapokula inatoa vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi ikiachiwa njia inakwenda zake. Ikizibiwa, inayeyuka ndani ya kinywaji na kungoja. Soda ni tofauti, kwa sababu gesi yake inatoka kwenye mtungi na kusukumwa na mtambo. Gesi ya Prosecco imezaliwa na chachu.

Kwenye vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, mkoa wa Treviso, koo za wakulima zilikuwa na mvinyo wa mapovu kabla ya kuwa na mitambo, na aliyewasaidia ni hali ya hewa. Zabibu yao, Glera, inachelewa kuiva. Ikishavunwa na kukamuliwa, maji yake yanaanza kuchachuka huku baridi inabisha hodi. Baridi ikizidi, chachu inalala na sukari inabaki. Watu wakautia mvinyo ule chupani majira ya kuchipua, joto likarudi, chachu ikaamka na kumalizia kula ndani ya chupa iliyofungwa. Mvinyo huo wanauita col fondo, kwa maana ya kwamba unakuja na mashapo yake, kwani chachu iliyokufa inabaki chini na hakuna anayeichuja. Presha yake si kubwa, ndiyo maana chupa nyingine hufungwa kwa kifuniko cha bati kama cha soda, au kizibo kilichokazwa kwa uzi tu.

Sasa fikiria unataka kuuza chupa nyingi, tena zote ziwe na ladha moja. Kila chupa ikichachuka peke yake, kila chupa ina tabia yake. Wafaransa wa Champagne walilishinda tatizo hilo kwa uvumilivu: mvinyo unachachuka mara ya pili chupani, unakaa humo na chachu angalau miezi 12, kisha mashapo yanasogezwa shingoni na kutolewa. Kukaa na chachu iliyokufa muda wote huo ndiko kunakoupa harufu ya mkate uliotoka jikoni. Lakini harufu hiyo kwa Glera ni hasara. Uzuri wa zabibu hii ni harufu ya tofaa bichi, pea na maua meupe, na harufu hizo hupotea haraka.

Jibu lilitoka mji wa Asti, kaskazini-magharibi mwa Italia. Mwaka 1895 Federico Martinotti, mtaalamu wa mvinyo, alisajili njia ya kuchachusha mara ya pili ndani ya tangi moja kubwa lililofungwa, na mwaka 1907 Mfaransa Eugène Charmat akasajili mfumo alioutengeneza vizuri zaidi. Huko Conegliano, Antonio Carpenè alikuwa ameshaanzisha kiwanda chake mwaka 1868, na ukoo wake ni miongoni mwa walioufanya mvinyo huu wa mapovu ujulikane. Kazi inakwenda hivi: mvinyo uliokwisha kuchachuka mara ya kwanza unaingizwa tangini, unaongezwa sukari na chachu, tangi linafungwa. Baada ya siku 30 au zaidi unapozwa hadi chini ya nyuzi sifuri ili chachu ikome, unachujwa, kisha unajazwa kwenye chupa kwa mashine inayoilinda presha ile ile ya tangini. La sivyo gesi yote ingetoroka mlangoni.

Na sukari inayozaa mapovu hayo ni kidogo. Gramu 4 katika lita moja huleta presha ya bar 1. Kupata bar 5 unahitaji gramu 20 kwa lita, yaani gramu 15 kwa chupa ya mililita 750: vijiko vitatu au vinne vya chai. Watoto wengine hutia zaidi ya hapo kwenye uji. Lakini presha yake sasa! Fundi wa pancha hukujazia tairi la gari dogo 32 hivi; kwa kipimo hicho hicho, bar 5 inapita 70. Waya unaofunga kizibo si urembo.

Jina nalo lina kisa chake. Prosecco ni kijiji karibu na Trieste, mbali kidogo na vilima vile, na kwa muda mrefu zabibu yenyewe iliitwa hivyo hivyo. Jina la zabibu hulizuii. Mtu yeyote akipanda mche huo popote duniani anaweza kuliandika. Mwaka 2009 Waitaliano wakairudisha zabibu kwenye jina la Glera, na Prosecco ikabaki jina la eneo linalolindwa kisheria. Leo eneo hilo linatoa zaidi ya chupa milioni 600 kwa mwaka.

Ukiikuta dukani, usidanganywe na lebo. "Extra dry" inasikika kama kavu kuliko zote, kumbe ina sukari zaidi ya ile iliyoandikwa "brut". Mimi mwenyewe nilinaswa hapo.

Na ile mbwembwe ya ukumbini inatokana na joto. Gesi hukaa vizuri kwenye kinywaji baridi. Chupa iliyoshinda kwenye buti la gari mchana kutwa itamwaga nusu yake sakafuni. Ipoze barabara, shika kizibo kwa kiganja, zungusha chupa badala ya kizibo, uso wa mtu usiwe mbele. Ukishamimina, tazama viputo vinavyopanda mstari mmoja kutoka sehemu ile ile ya glasi: hapo pana kiuzi kidogo cha kitambaa ulichofutia, kimebeba kahewa, na gesi inajikusanya humo.

Col fondo ina ubishi wake mezani. Kuna wanaomimina taratibu ili mashapo yasiguswe, wapate mvinyo usio na ukungu. Wengine wanaipindua chupa kwanza, mvinyo unatoka na ukungu kama tembo la mgema, na wanasema hiyo ndiyo ladha yenyewe.