"Mbona tunamsikia kila usiku?" Ya bundi wa Pemba

Juzi nipo barazani Konde nasubiri gari, mzee mmoja kanisikia nazungumza habari za bundi akaniambia kwa kejeli, "Nyie watu wa msituni mnasema bundi wa Pemba anakwisha, mie nyuma ya nyumba yangu analia kila usiku hata sipati usingizi." Baraza zima likacheka. Maneno haya nishayasikia kwa wakulima, kwa walimu wa skuli, mpaka kwa wageni nnaowapeleka msitu wa Ngezi usiku, basi leo wacha niyamalize.

Kwanza, kumsikia si kumhesabu. Huyu ni kidude kidogo tu, sentimita 20 hivi, lakini hu... hu... yake usiku wa kimya inafika mbali. Kwa mzee inasikika, kwa jirani inasikika, kule bondeni inasikika, kila mtu anasema "na kwangu yupo", ukijumlisha wanakuwa watatu na kumbe ni mmoja huyo huyo, analia kila siku pale pale kwa sababu ndo kwake.

La pili ndo linalonipandisha presha. Watu wanadhani kuwa hatarini maana yake haonekani. Hao wanaopanga Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya viumbe walio hatarini ya shirika la uhifadhi la dunia, hawakuulizi wewe nyuma ya nyumba yako yupo au hayupo, wanauliza dunia nzima anakaa wapi, na hapo anapokaa panabaki au panaliwa. Kwenye kipimo cha eneo, kiumbe akiwa na chini ya kilomita za mraba 20,000 washaanza kumtazama kwa wasiwasi, chini ya 5,000 wasiwasi unazidi. Sasa Pemba yote, kuanzia Mkoani mpaka Kigomasha, haifiki 1,000, na hii ndo dunia yake nzima yakhe, Unguja hayupo, Tanga hayupo, Mombasa hayupo. Pemba akimalizika kamalizika.

Ila udogo wa kisiwa peke yake hautoshi, na hapa hata wanaojua kidogo wanateleza. Chozi wa Pemba, kale kandege kanakonyonya maua, naye hapatikani kwengine popote na hamna anayemlilia, kwa sababu yeye migombani sawa, uani kwenye maua sawa. Bundi anataka mti mzee wenye tundu atagie. Miti hiyo imebaki Ngezi, Msitu Mkuu na vipande vipande huku na huku, pamoja na mashamba ya mikarafuu ya zamani yaliyoachwa yakaota vichaka. Ajabu yenyewe ndo hiyo, maana msitu wa Pemba ulifyekwa karne ya 19 kupisha mikarafuu, na kimbunga cha 1872 kilipoilaza mikarafuu ya Unguja huku ndo tukazidi kupanda, leo ile ile mikarafuu ndo imekuwa nyumba ya bundi. Na mkarafuu ukizeeka ukaingia uvungu tunaufanya nini? Kuni. Yule mzee nilimuuliza, huyo wako analala mti gani? Kasema mkarafuu wa marehemu babu yake, na mwaka huu anataka kuuangusha. Nikanyamaza, maana ningesema ningegombana na mtu mzima mbele za watu.

Mie siwaambii msikate. Nnachosema kila siku, kabla hujatia shoka gonga shina kisha ngoja kidogo utazame tunduni. Kikichungulia kichwa chenye macho ya njano, uache huo mpaka watoto waruke, kuni zipo nyengine.

Wengine wanasema si ana mbawa, atahamia Unguja. Angekuwa wa kuhama angeshahama zamani. Unguja ilikuwa imeshikana na bara enzi bahari ilipokuwa chini, Pemba ina mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndo maana tuna ndege wetu wenyewe na Unguja hawanao.

Anakula vifaranga? Anakula wadudu, panzi na nondo na madudu mengine ya usiku, kifaranga chako kamuulize kipanga au paka wa jirani. Akilia juu ya paa mtu anakufa? Kwa hesabu hiyo Makangale, hapo jirani na msitu wa Ngezi, ingekuwa mahame.

Na nyie wageni, pamoja na wenzangu tunaowatembeza, hii ya kumpigia sauti yake kwenye simu ili aje mumpige picha, mnaona haina ubaya. Anakuja kwa sababu anadhani kaingiliwa na dume jengine, anaacha kuwinda anahangaika na spika yako. Nikisikia mtu kawasha zaidi ya mara mbili namwambia azime, na asipozima tunarudi getini, pesa yake nampa.