Kiwiko cha mrushaji wa besiboli: hesabu kwanza, kasi baadaye

Walimu wa michezo wa Unguja na Pemba wanaoanza besiboli hutaka kwanza kujua namna ya kumwongezea kijana kasi. Mimi huanza na hesabu ya mirusho. Mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa kulipwa huishi kwa kiwiko chake, na viwiko vingi huanza kuharibika skulini.

Kutoka kibao cha mrushaji hadi cha mpigaji ni mita 18.44, na mpira una gramu 142 hadi 149. Nguvu hutoka miguuni, hupita nyongani na kifuani, mkono ukawa wa mwisho. Mguu wa mbele unapotua, kiwiko kiwe kimeshafika usawa wa bega. Kikichelewa, au kifua kikifunguka mapema, mzigo huiangukia kano ya upande wa ndani wa kiwiko. Ndiyo maana sikubali mazoezi ya kurusha kwa nguvu kwenye mchanga wa pwani: mguu hutitia, mkono ukabeba kazi ya nyonga. Tafuteni ardhi ngumu.

Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani unaweka kikomo cha mirusho 85 kwa siku kwa umri wa miaka 11 na 12, 95 kwa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa 17 na 18. Wa miaka 15 au 16 akirusha 31 hadi 45, apumzike siku moja. Akifika 76, siku nne. Hapo mirusho ya kupasha misuli moto haimo, kwa hiyo mimi hushauri mtoto atolewe mapema zaidi. Kosa kubwa la timu ndogo ni kumtoa mrushaji hodari na kumfanya mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji) siku hiyohiyo, wakati mdakaji naye hurudisha mpira karibu kila mrusho. (Na jioni asiende kupopoa maembe!)

Afundishwe kwanza mpira wa kasi, kisha wa polepole unaokaa ndani zaidi ya kiganja huku mkono ukienda kwa kasi ileile. Mipira ya kupinda isubiri.

Ligi kuu ya Marekani, mrushaji wa kuanza mechi hupangwa kwa kawaida kila siku ya tano. Japani, mara moja kwa wiki. Kano ikikatika si lazima iwe mwisho: mwaka 1974 Dkt. Frank Jobe alimwekea mrushaji Tommy John kano nyengine, naye akarudi 1976 na kucheza hadi 1989. Mrushaji John Smoltz, baada ya upasuaji kama huo mwaka 2000, alirudi, akafanywa mrushaji wa kumalizia mechi, akawa wa kuanza tena 2005. Lakini hao walikuwa na madaktari bingwa na mwaka mzima au zaidi wa kujiuguza.

Kwetu, mirusho ikianza kupaa juu, kiwiko kikashuka, au kijana akawa anachelewa kati ya mrusho na mrusho, mtoeni hata kama hesabu haijafika. Akisema kiwiko kinauma kwa ndani, asipewe dawa ya maumivu ili amalize mechi. Aache kurusha, aonwe na daktari wa mifupa.