Marekani haijaweka ukomo wa umri kwa wabunge wake

Kuna ujumbe unaozunguka na kurudi kwenye makundi ya WhatsApp, ukidai kuwa sheria ya Marekani inamzuia mtu aliyefikisha miaka 75 kugombea ubunge. Si kweli. Katiba ya nchi hiyo inataja umri wa chini tu: miaka 25 kwa mwakilishi, 30 kwa seneta, yaani wabunge wa mabaraza mawili ya bunge hilo.

Kuhakiki ni kazi ya dakika chache. Fungua Katiba hiyo, Ibara ya 1. Kifungu cha 2 kinataja sifa za mwakilishi: umri, uraia wa miaka 7, na kuwa mkazi wa jimbo lake (moja ya majimbo 50 yanayounda nchi) anapochaguliwa. Cha 3 kinamhusu seneta, anayehitaji uraia wa miaka 9. Umri wa juu hautajwi popote.

Jimbo nalo haliwezi kujiongezea sharti. Mwaka 1995 mahakama ya juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba majimbo hayana mamlaka ya kuongeza sifa hizo. Kesi ilihusu idadi ya vipindi vya ubunge, si umri, ila hoja ni ileile. Kinachobaki ni kurekebisha Katiba: kwa kawaida theluthi mbili ya kura katika kila baraza la bunge, kisha ridhaa ya majimbo 38 kati ya 50. Njia ndefu hiyo.

Mkanganyiko una chanzo. Majimbo mengi huwastaafisha majaji wake kwa umri, mara nyingi miaka 70, na watu huchanganya jaji na mbunge. Pia matokeo ya tafiti za maoni ya wananchi husomwa kana kwamba ni sheria iliyopitishwa. (Kuutaka ukomo huo ni haki ya mtu, ni mjadala mwingine.)

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Muulize aliyeutuma ni ibara ipi.